Swichi ya Taa za Tluway

Mwaka 1984, Landrova ya abiria ilikuwa ikiteremka kutoka Ngorongoro kwenda Karatu, ukungu umetanda mchana kweupe. Cresensia aliketi nyuma na wanaume wawili wasiomjua. Dereva alipowasha taa, mzee Moloimet wa Piyaya alisema, "Hapa ndipo Tluway alipotumbukia korongoni na mwanangu. Alikuwa amelewa."

Cresensia alijifunika khanga vizuri. Tluway alikuwa mumewe.

"Hakulewa, mzee," alisema Patrisi, fundi umeme wa magari. "Taa zilizimika konani. Nilimfungia balbu kali, lakini rilei, vile vifaa vya kuipunguzia swichi mzigo wa umeme, hazikupatikana hata Arusha. Umeme wote ukawa unapita kwenye swichi ile ya zamani, ikaungua."

"Ulijua itaungua?" mzee aliuliza.

"Nilijua haitadumu. Alikuwa na haraka, nikamwachia gari."

"Mbona hukusema msibani?"

"Niliogopa."

"Unamtetea marehemu tu. Alilewa."

Walibishana hivyo mpaka gari liliposimama Karatu. Patrisi alimshushia Cresensia kikapu. "Pole na safari, mama." Cresensia alitaka kumwambia kuwa yeye ndiye mjane wa Tluway, lakini akajitwisha kikapu. Alishika njia ya Ganako kwa wakwe zake, ambao kwa miaka miwili walikuwa wakisema pombe aliyoipika yeye ndiyo iliyomuua mtoto wao.