Bi Mdogo wa Protasi

Benchi lenyewe ni la kanisa, lile refu lenye kibao cha kuwekea vitabu vya nyimbo. Leya alipewa bure parokia moja ilipofungwa, akalisukuma dirishani dukani kwake, hapa Grant Street, katika mji huu wa baridi ulio mpakani na Kanada, kati ya magunia ya unga wa muhogo na friji ya samaki, akaweka birika la kahawa kwenye meza ndogo, na tangu siku hiyo hajapata amani. Kila Jumamosi, theluji ianguke isianguke, watu watatu hulikalia kama wamelirithi. Kuna Gaudiosi, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, anayeendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ghalani na kuitwa Foklifti. Kuna Ruberwa wa milimani Kivu ya Kusini, anayetunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Anajua kupima presha, kwa hiyo anaitwa Dokta, na anaitika. Na kuna Protasi, Mrundi pia, ambaye kiangazi kilichopita alinunua nyumba kuukuu karibu na barabara ya Bailey, akapangisha ghorofa ya juu, na siku hiyohiyo akabatizwa Lendilodi, yaani mwenye nyumba.

Nyumba za wenzake zote zinapata joto kwa gesi. Ya Protasi ilikuja na boila la mafuta, dubwana la chuma lililokaa kwenye chumba cha chini ya nyumba, na wiki hii lilikuwa limeanza visa. Linawaka, linanguruma dakika ishirini, kisha kak! linazima na kujifungia, inabaki taa nyekundu tu. Fundi alisema atafika Jumanne ijayo. Flavia, mke wa Protasi, alivumilia baridi usiku mmoja. Jumatano asubuhi akafunga mabegi, akachukua watoto wote wawili, akaenda kwa dada yake Elisabeth kule Kenmore. Protasi aliona aibu isiyo na mfano. Akajiapiza kwamba hatampigia mkewe simu mpaka awe na habari njema ya kumwambia, kisha akahamishia akili yake yote kwenye boila.

Foklifti ndiye aliyelipa jina.

— Kaingia nyumbani, mke kaondoka. Huyo ni Bi Mdogo. Mnataka ushahidi gani tena?

Jina likashika. Protasi alicheka na wenzake, lakini usiku alilala peke yake na koti mwilini, na hapo hakuona cha kuchekesha.

Jumamosi hiyo simu yake ilikuwa katikati ya meza, sauti imefunguliwa, imeegemezwa kopo la sukari. Upande wa pili alikuwa Ombeni, mpangaji wake, aliyetumwa chini ya nyumba na tochi.

— Yukoje? Protasi aliuliza.

— Amejifungia, Ombeni alijibu. Taa nyekundu iko inawaka.

— Bonyeza kitufe.

— Nilishabonyeza mara moja. Hapa kuko karatasi, inasema mara moja tu.

— Basi usirudie! Foklifti alidakia. Ukirudiarudia mafuta yanajaa humo ndani, siku likiwaka tutakuja kukuokota Kanada.

Dokta aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, wote hujua kwamba kuna mgonjwa.

— Bon. Musikilize. Anaamka muzuri, anatumika dakika makumi mbili, anaanguka. Ile ni presha. Mi naona bazee ba vile kila siku.

— Boila lina presha? Protasi aliuliza.

— Iko hata na saa yake ya presha, pale kwa mbele! Ombeni, iko ao haiko?

— Iko, Ombeni alisema.

— Hiyo ni ya maji, Dokta, Foklifti alisema.

— Na ya muntu iko ya nini? Ya damu. Na damu inatoka wapi kama haukunywa maji?

Foklifti akapangusa sharubu. Yeye ghalani hukaa karibu na mashine, kwa hiyo hakubali kufundishwa na mtu wa vidonge.

— Tatizo ni chujio.

— Chujio nilibadilisha Alhamisi, Protasi alisema.

— Basi mafuta yameganda. Mawese yakipigwa na baridi yanafanyaje?

— Tangi liko ndani ya nyumba, Gaudiosi, Leya alisema kutoka kwenye droo ya hela. Yagande vipi?

— Leya, wewe tuuzie unga.

Simu ikalia mlio mfupi. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa na Theogene, binamu yake Protasi aliyeko Columbus, ambaye tangu Alhamisi alikuwa anatibu boila hilo kutoka mbali.

— Ndugu yangu, nimewaza usiku kucha. Mwenye nyumba wa zamani si alikuwa Mpolandi? Miaka arobaini boila linasikia Kipolandi. Sasa asubuhi mnaliamrisha kwa Kirundi, jioni kwa Kiswahili, na watoto wanalifokea kwa Kiingereza. Hata mimi ningejizima. Tafuteni Mpolandi aseme nalo.

— Ghalani kwetu yuko mmoja, Foklifti alisema taratibu.

Na Protasi, mtu mzima mwenye hati ya nyumba, akauliza:

— Unayo namba yake?

Leya alicheka mpaka akashika friji.

— Hapana, hapana, Dokta alisema, akasogea ukingoni mwa benchi. Lendilodi, ilianza kuzima siku gani?

— Jumanne.

— Donc, Jumanne ulifanya nini mu nyumba?

Protasi alifikiri.

— Nilinunua hita ndogo ya umeme. Flavia alisema chumba cha watoto kina baridi.

— Voilà! Umeleta mwingine! Bi Mdogo ameona umeleta mwingine, tena wa umeme, tena kijana. Ni wivu!

Benchi zima likatingishika. Hata Foklifti, ambaye kwa kawaida hampi Dokta pointi hata moja, alimpiga begani. Na kwa kuwa mtu aliyekaa siku nne kwenye baridi hana cha kupoteza, Protasi aliinamia simu.

— Ombeni, tafadhali, itoe ile hita chumbani kwa watoto. Iweke barazani.

Walisikia hatua zikipanda, mlango, hatua zikishuka.

— Nimeitoa. Bado amejifungia. Lakini mzee, hapa ku ubavu niko naona kitu kama jicho. Kadogo, ka kioo. Iko inaangaliya kule moto inawaka.

Foklifti alisimama. Protasi hakuwahi kumwona akisimama kwa jambo lisilohusu mpira.

— Hilo ndilo! Ombeni, hilo ni jicho kwelikweli. Linaangalia kama moto umewaka. Lisipouona, linakata mafuta. Zima umeme kwanza, swichi ya pale juu ya ngazi. Umezima? Lichomoe taratibu. Likoje?

— Nyeusi. Masizi matupu.

— Cataracte! Dokta alipiga kelele.

— Mtoto wa jicho, Foklifti alisema, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe hapo, wawili hao wakawa wamekubaliana. Mfute na kitambaa kikavu, laini. Usitie maji.

Kwenye simu Ombeni alikuwa anapumua kama daktari anayemshona mtu. Baadaye zikasikika ngazi, swichi, kitufe, kisha mngurumo mzito uliotetemesha kijiko mezani. Dakika tano. Dakika kumi. Walikunywa kahawa, na Leya aliwatazama kwa mashaka. Dakika ya kumi na tisa Protasi alikuwa ameshika kopo la sukari kwa mikono miwili. Dakika ya ishirini na tano sauti ya Ombeni karibu ipasue simu.

— Bado anawaka! Amejifungua! Lendilodi, Bi Mdogo amejifungua!

Furaha ilimpanda Protasi mpaka machoni. Aliona nyumba yake, Flavia jikoni, watoto wakikimbia bila soksi. Alikata simu, akafungua kundi la ukoo, lenye shangazi wa Louisville, binamu wa Columbus na Flavia mwenyewe kule Kenmore, akabonyeza kipaza sauti.

— Ndugu zangu, Mungu ni mwema! Bi Mdogo wangu amejifungua salama asubuhi hii. Ilikuwa kazi, siku nne mimi sijalala kwa ajili yake. Ombeni ndiye aliyemtoa mtoto. Sasa anapumua vizuri na nyumba ina joto. Flavia, mke wangu, rudi nyumbani umwone.

Akatuma. Akajimiminia kahawa. Foklifti alikuwa anamtazama kwa namna ya ajabu.

— Lendilodi. Hiyo umeituma wapi?

— Kwenye ukoo.

— Na ukoo unajua Bi Mdogo ni nani?

Kikombe kilibaki hewani. Protasi aliikamata simu, akafuta ujumbe, akagundua kwamba ameufuta kwenye simu yake tu. Louisville ndiyo ilijibu kwanza. Shangazi Marita aliandika: "Hongera?" Kisha akaandika tena: "Ni wa kiume?" Mtu mwingine akauliza kama mchungaji ana habari. Dokta alicheka mpaka akalala kwenye kibao cha vitabu vya nyimbo, na Foklifti akajitolea kuwa msimamizi wa ubatizo.

— Mpigie mkeo, Leya alisema. Mpigie sasa hivi.

Protasi alishika simu, akaiangalia, akaiweka. Amwanzie wapi? Wakabaki wanamtungia maneno, Dokta akipendekeza barua, Foklifti akipendekeza kukimbilia Columbus, mpaka karibu saa moja ikapita na mlango wa duka ukafunguliwa.

Alikuwa Flavia. Alikuwa amevaa koti la dada yake, kubwa kwake, na theluji mabegani.

— Habari zenu.

— Nzuri, shemeji, Foklifti alisema haraka mno. Karibu kahawa.

— Asante, sikai.

— Mama Jovini, Protasi alisema, amesimama tayari. Bi Mdogo ni boila. Naapa. Na mtoto ni mtoto wa jicho, ni masizi, Ombeni ameyafuta.

— Najua. Nimepitia nyumbani kwanza. Nimekuta hita ya watoto barazani, na Ombeni chini anasinzia kwenye kiti. Ameniambia yote. Kuna joto.

Benchi lote likapumua.

— Bon! Dokta alisema. Mi ndiye niliona ile cataracte. Bibi amerudi, boila imepona, tumalize kahawa.

Flavia hakumtazama. Alikuwa anamtazama mumewe, na sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa ya ugomvi, ndiyo maana Protasi aliogopa.

— Ombeni anasema ulikuwa unampigia kila baada ya dakika kumi. Hata ukiwa kazini, hata saa ya kula. Unauliza amelalaje, ameamkaje, amezima saa ngapi.

— Ndiyo, lakini nilitaka...

— Jovini amekohoa usiku kucha wa Alhamisi. Mimi nimelala kwenye kochi la dada yangu siku tatu. Sisi umetupigia mara ngapi?

Protasi alikuwa na jibu, tena la kweli: kwamba aliona aibu, kwamba alisubiri awe na habari njema. Alilisikia kichwani mwake na akaona halifai kusemwa mbele ya mtu aliyelala kwenye kochi. Foklifti aligeukia dirisha. Leya alichukua birika, ingawa kahawa ilikuwa bado imo, akalipeleka nyuma.

Flavia akageuka, akatoka. Kwenye gari lililowashwa nje kulikuwa na vichwa viwili vidogo dirishani.

Protasi alichukua koti lake, mkono mmoja ukaingia, mwingine ukakosa, akaenda hivyohivyo. Alipokuwa mlangoni, simu aliyoiacha mezani ilianza kulia. Alikuwa Ombeni. Protasi aliisikia vizuri kabisa, wote walimwona kwamba ameisikia, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.