Filamu Niliyodhani Nimeiuza

Wenye kusema Bwana asifiwe, nawaitikia. Wenye kusema salamu aleikum, nawaitikia pia. Mwenyekiti wa chama chetu cha akiba ameniomba nisimame mbele yenu, mimi ambaye kukaa mahali pamoja kumenishinda tangu utoto. Nimelala Kindu, nimelala Kalemie, Kigoma, Bujumbura. Leo nawaeleza kwa nini miaka sita ya kutembea huko haikuwa safari. Nilikuwa nakimbia.

Wengi wenu mnanijua kama mtu wa kamera. Nilianza kwa kupiga picha za harusi hapa Kasongo, na nilipopata kamera nzuri kidogo nikasema, sasa natengeneza filamu yangu. Haikuwa ya mabunduki. Ilikuwa ya msukuma kinga mmoja, yule anayesukuma baiskeli yenye mzigo kutoka Kabambare mpaka hapa, ambaye siku moja mzigo wake ni mke wake mgonjwa. Anamfunga vizuri juu ya kinga, anasukuma, matope, vilima, mvua, mpaka hospitali. Basi. Hiyo ndiyo filamu yote.

Wasukumaji walikuwa wasukumaji kweli. Na mke mgonjwa alikuwa dada yangu mkubwa, yaya wangu. Simtaji jina, mnamjua. Siku nne alilala juu ya ile kinga, kiuno kikimuuma, akinitukana.

“Mudogo, hii filamu yako itafika wapi?”

“Itafika mbali, yaya.”

“Basi ifike mbele ya mgongo wangu kuvunjika.”

Ndugu zangu, filamu ilipokwisha sikujua nifanye nayo nini. Kutengeneza nilijua, kuuza sikujua. Nikachoma diski, nikaziweka kwenye meza ndogo sokoni. Juma moja halikupita, kipande cha mwanzo kilikuwa kwenye simu za watu wote, bure, wakaridhika nacho, na diski zangu zikabaki na vumbi. Nikasikia kwamba katika mji mmoja upande wa ziwa kuna mfanyabiashara anayenunua filamu. Nikaenda. Alinipokea vizuri, akaniagizia soda, akanipa karatasi mbili za Kifaransa zenye muhuri mwekundu.

Hapa nawaambia ukweli unaonifanya nitazame chini. Mimi nina diploma. Kifaransa nakisoma. Lakini nilipouona ule muhuri, na yule baba akasema “ni mambo ya kawaida, patron,” niliona aibu kusoma polepole mbele yake kama mtoto wa darasa la tatu. Nikasaini. Nakala yangu nikaikunja nikaiweka ndani ya begi. Nikiondoka akaniambia kwa kucheka: “Sasa hii filamu ni yangu. Ukiionyesha tena mahali, nakufunga.”

Miezi michache baadaye niliingia katika chumba cha video, Uvira, nikaiona. Jina lilikuwa jingine. Sauti ya mtu fulani ilikuwa inapiga kelele juu ya maneno ya waigizaji wangu. Na mwisho walikuwa wameukata. Katika filamu yangu yule mke anafika hospitali. Katika ile yao kinga inaanguka kilimani, halafu wanaleta picha za msiba, matanga ya watu nisiowajua, wanawake wanalia. Yaya wangu alikuwa amekufa.

Na ile ndiyo iliyofika Kasongo.

Ninyi mlikuwa hapa, mnajua kuliko mimi. Watu walianza kumwita Marehemu. Kwanza ilikuwa mchezo, pale sokoni anapouza sombe, majani ya mihogo. “Marehemu, sombe yako bei gani leo?” Naye anajibu, “Bei ya mbinguni, ongeza franga.” Lakini akashikwa na malaria, na jirani mmoja akasema, filamu ilisema. Akapona, akashikwa tena, wakasema, si unaona? Mama mkwe wake akaanza kumtazama kama mtu aliyeaga. Siku moja yaya alinipigia simu, sauti yake ndogo sana.

“Mudogo, weye uliniuaka.”

“Yaya, si mimi, ni wale…”

“Ni weye uliniwekaka juu ya ile kinga. Nikilala usiku naogopa kufunga macho.”

Akakata. Hakunipigia tena. Nami ningeweza kurudi na filamu ya kweli, niionyeshe hapa, kila mtu aone kwamba anafika. Nilikuwa nayo, nzima, ndani ya diski ngumu. Lakini nilikuwa nimesaini. Niliona muhuri ule kila nilipofikiri kurudi. Kwa hiyo nikatembea. Kila mji nilioingia niliwatafuta watu wa Maniema, tukae, waniambie maji ya Lualaba yamepanda mpaka wapi, samaki wa Nyangwe wanafika bado? Nauliza yote, isipokuwa habari ya yaya.

Bujumbura nilimsaidia kazi mama mmoja mtengeneza filamu. Nikamwonyesha yangu kwa siri, kwenye kompyuta yake. Alipomaliza kuitazama akasema, “Peleka hii kwenye soko la filamu.” Nikamwambia nimeuza. Akasema, “Nenda hata hivyo, kajifunze.” Akaandika maombi yeye mwenyewe, wenye soko wakanichagua, wakanilipia tiketi.

Sasa chekeni, nawaruhusu. Mimi nikisikia soko, najua soko. Nikasema filamu hii siwezi kuigusa, lakini nina filamu zangu fupi za harusi na ngoma. Nikachoma diski sitini, nikazitia ndani ya gunia, nikafika mlangoni na gunia begani. Mlinzi akaniuliza, “Mzee, unaleta mihogo?” Ndani hakuna mtu anayeuza diski hata moja. Kuna meza nyingi ndogo, kila meza mtu amekaa na kadi yenye jina shingoni, na wewe una dakika chache za kumweleza filamu yako kabla kengele haijalia. Huyu ana televisheni, yule anachagua filamu za tamasha, mwingine anaonyesha kwenye intaneti. Wote wanatafuta filamu, na ndiyo sababu wamekusanyika mahali pamoja, ili mtu kama mimi asizunguke dunia nzima akiwagongea mlango.

Kulikuwa na meza moja haina foleni. Alikaa mwanasheria, mwanamke kijana, kazi yake kuwasomea watengeneza filamu mikataba yao bure. Nilikuwa na ile karatasi ndani ya begi. Miaka sita ilinifuata kila mji, sikuwahi kuifungua. Nikamwekea mezani.

Alisoma. Akarudia. Akaniuliza, “Baba, nani alikwambia umeuza filamu?”

“Mwenyewe aliyenunua.”

“Karatasi haisemi hivyo. Inasema auze diski peke yake. Ndani ya Kongo peke yake. Miaka miwili. Na hakuna mstari unaomruhusu kukata kitu. Miaka miwili ilikwisha zamani. Filamu ni yako.”

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena, kidole juu ya kila neno, kama unavyomsomea mtoto. Ndugu zangu, nililia mbele ya watu wenye kadi shingoni. Miaka sita nimefungwa, na jela niliibeba mwenyewe ndani ya begi.

Kesho yake nilienda kwenye meza na filamu yangu. Meza ya kwanza nilianza kusimulia tangu mwanzo, kengele ikalia mke hajapanda hata kinga. Wengine walinikataa kwa adabu. Nikajifunza kufupisha. Mwishoni nikakaa mbele ya mama mmoja wa televisheni inayotangaza kwa Kiswahili. Alikuwa amechoka, anaandika bila kunitazama.

“Na mwisho?”

“Anafika.”

“Anafika hai?”

“Anafika hai. Anashuka mwenyewe.”

Akaweka kalamu chini. “Watazamaji wangu wamechoka na wanawake wanaokufa mwishoni. Nionyeshe.”

Alitaka haki ya kuionyesha kwa miaka miwili, kwenye televisheni yake tu. Nikauliza, na baada ya hapo? Akasema, inarudi kwako, unampa mwingine. Ndipo nilipoelewa. Mwenye mtumbwi pale Nyangwe anakuvusha, unalipa, unashuka, na mtumbwi unabaki wake. Nilimwomba kitu kimoja kiandikwe: mwisho usikatwe. Tukaandika, na safari hii nilisoma kila mstari mbele yake, polepole, bila aibu. Alingoja.

Halafu nikarudi nyumbani. Wengi wenu mlikuwepo mchana ule katika ukumbi wa shule, tulipofunika madirisha kwa mablanketi. Yaya alikataa kuja. Mama yetu akamwambia, “Nitakwenda peke yangu na miguu hii?” Akaja kwa ajili ya mama, akakaa karibu na mlango. Kinga ilipofika kilimani, watu wakangoja ianguke. Haikuanguka. Ikapanda, ikashuka, ikafika. Yaya akashuka, akanyoosha kitenge chake, akatembea mwenyewe mpaka mlango wa hospitali.

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele: “Kumbe Marehemu alifikaka!”

Naye akasimama. “Nilifikaka! Ninyi ndio mulinizikaka!”

Ukumbi wote ulicheka mpaka mablanketi yakaanguka madirishani. Alipopita karibu yangu hakunikumbatia. Alisema tu, “Mudogo, ulikawia.” Lakini jioni ile alinipikia, na mama mkwe wake akala pamoja nasi.

Namshukuru mama wa Bujumbura aliyeandika maombi yangu. Namshukuru mwanasheria aliyesoma mara mbili bila kukasirika. Nawashukuru wasukumaji, ambao walingoja malipo yao miaka yote bila kunitukana sana. Na yaya, ambaye amekaa pale anajifanya hasikii.

Vijana wenye kamera, fanyeni kazi, na mkimaliza msiikimbize filamu kwa mtu mmoja aliye peke yake na soda. Ipelekeni mahali wanunuzi ni wengi na mtu wa kuwasomea karatasi yupo. Na ninyi wengine, wa shamba, wa dhahabu, wa duka: ukipewa karatasi, isome hapo hapo, hata kama anayekupa anatazama saa. Aibu ya kusoma polepole ni ya dakika kumi. Mimi nililipa miaka sita, na yaya alilipa pamoja nami.