Dada Yetu Mshona Sare, na Gari Alilolitengeneza Mwenyewe

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, mimi nikiwa mdogo wake wa mwisho na mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, nina mdomo usiojua likizo. Mtanivumilia nikirefusha, maana karatasi hii ilipitiwa na watoto wake, nao wakafuta kila mahali palipotajwa gari, wakisema msiba si gereji, nami nimeyarudisha yote.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, katika nyumba ya chumba na sebule nyuma ya ghala la reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu baba yetu, aliyekuwa mlinzi wa ghala hilo, na marehemu mama yetu, aliyekuwa akifulia watu nguo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, na mwaka 1972 akajiunga na chuo cha ushonaji, ambako alifaulu kukata na kushona, akafeli kutarizi, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Mwezi Februari 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, akapangiwa cherehani iliyokuwa karibu na dirisha, na hapo ndipo mkono wake ulipozoea bisibisi, kwa sababu mashine zilikuwa zikiharibika asubuhi na fundi wa kiwanda alikuwa akionekana jioni, akija na maelezo mengi kuliko vifaa. Dada alimtazama kila alipofungua, akaanza kufungua mwenyewe, na ilipofika mwaka 1980 wenzake walikuwa wakimwita yeye kwanza, fundi baadaye. Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akiwa msimamizi wa chumba cha ukataji.

Tarehe 18 Desemba 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwoka mikate, mtu mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti, na kama mnavyomwona hapo mbele, hata leo anawauliza watu kama wamepata kiti. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye ni mpima ardhi, na kijana aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye ni mpishi wa hoteli, wote wakiishi mbali kwa sababu za kazi, na wajukuu wanne.

Sasa nafika kwenye gari, na watoto wake watazame chini wakipenda. Mwaka 1992 walinunua gari dogo jeupe, lililokuwa limekwisha kupita mikononi mwa watu watatu, nasi tukalibatiza jina la Kikongwe. Mwezi wa kwanza walilipeleka kwa fundi kwa sababu ya rejeta iliyovuja, likarudi rejeta imepona na taa zimekufa, wakalirudisha kwa ajili ya taa, likaja na mlango usiofunga, ndipo dada akasema basi, imetosha, akanunua jeki na seti ya spana, akatandika gunia uani na kuingia chini mwenyewe. Kila nati aliyoifungua aliipanga juu ya sinia kwa mpangilio ilivyotoka, na siku moja ilipobaki nati moja baada ya kila kitu kurudishwa, nami nikamwambia labda hiyo ni ya akiba, alinitazama kama nimetukana wazee, akafungua kila kitu upya mpaka akapata mahali pake.

Kazi moja tu hakuiweza peke yake, nayo ni kutoa upepo kwenye breki. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja akae kwenye usukani akanyage pedali, mwingine awe chini kwenye gurudumu, afungue nati ndogo ili upepo utoke pamoja na mafuta ya breki, na mguu usiachie mpaka nati ifungwe, la sivyo upepo unarudi ndani na mnaanza moja. Mkanyagaji alikuwa shemeji. Siku ya kwanza, kila dada alipomwambia jambo kutoka chini, shemeji kwa adabu zake aliinua mguu, akachungulia dirishani na kuuliza, umesemaje, mama, na upepo ukarudi, wakashinda hapo tangu asubuhi mpaka juani pakawa kivuli. Kuanzia hapo wakakubaliana maneno matatu tu, kanyaga, shikilia, achia, na shemeji ajibu bila kuinua mguu. Maneno hayo dada aliyatamka kwa sauti ya msimamizi wa kiwanda, kiasi kwamba jirani wa upande wa pili, mhasibu ambaye sasa amestaafu, alidhani ndoa inavunjika, akamtuma mkewe aje kuwapatanisha, naye mama wa watu akawakuta wote wawili wamepakaa oili mpaka kwenye nyusi, wanakunywa chai.

Nililicheka sana gari lile, lakini liliwapeleka watoto shule, lilimbeba mama yetu hospitalini mara zote alizougua, na liliwahi kunitoa mimi na vyombo vyangu vyote kwenye nyumba niliyofukuzwa. Ng'ombe hazeeki maini, na Kikongwe naye hakuzeeka injini, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akiisikiliza.

Tarehe 2 Machi 2021 dada alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala. Watoto, kwa nia njema kabisa, walishauri gari liuzwe, akakataa, na tulipokuwa tumekaa jikoni kwake wawili tu aliniambia waziwazi kwa nini. Alisema haogopi kufa, anaogopa kumwacha mume wake katika nyumba ile, kwa sababu mtu mpole namna ile anaweza kumaliza mwaka bila kubisha mlango wa mtu, afe kwa upweke huku anasema hajambo. Akasema kama ana kitu cha kutengeneza, kitamtoa nje.

Basi akaanza kumfundisha, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki uani na fimbo mkononi, shemeji yuko chini ya gari. Mara ya kwanza kubadilisha oili, shemeji aliimwaga ile chafu, akamimina mpya yote kwa uangalifu mkubwa, bila kukumbuka kurudisha nati ya chini, na oili safi ikapita moja kwa moja mpaka kwenye viatu vya dada, naye akacheka mpaka akatoka machozi. Kwenye breki walibadilishana nafasi, dada akakaa kwenye usukani, akakanyaga kwa mguu wa kushoto, na shemeji ndiye aliyesema yale maneno matatu, ila kwa upole, kama anayeomba chumvi.

Tarehe 11 Agosti 2024 alipata kiharusi cha pili, akalazwa. Shemeji alipokwenda kumtazama alimweleza, kwa fahari kidogo, kwamba breki za mbele amezimaliza mwenyewe. Dada akamuuliza nani alikanyaga. Shemeji akakiri kwamba hakutaka kumsumbua mtu, alikaza ubao kati ya kiti na pedali. Dada akasema, "Ubao hauna masikio. Tafuta mtu." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia, kwani homa ya mapafu ilimzidi, akafariki tarehe 21 Agosti 2024, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomhudumia kwa subira, maana hakuwa mgonjwa rahisi, aliwakosoa hata magurudumu ya kitanda. Tunawashukuru wenzake wa kiwanda cha sare, walioshona wenyewe nguo aliyovaa leo. Tunawashukuru majirani kwa viti, kwa maji na kwa kukesha nasi, na hapa naomba niseme jambo ambalo halimo kwenye karatasi. Juzi, sisi tukiwa tumekaa ndani, shemeji alikuwa anamkagua Kikongwe ili aje nyuma ya jeneza, akaona pedali ya breki inazama, yaani upepo ungali ndani. Alisimama uani muda mrefu ameshika ule ubao. Kisha akauweka chini, akatoka, akaenda kubisha mlango wa mhasibu. Mzee wa watu akaja na shati lake la msiba, akakaa kwenye usukani, na tukamsikia shemeji yetu akipaza sauti, sauti ambayo hatukujua anayo, kanyaga, shikilia, achia. Tangu dada afariki sikuwa nimelia, siku hiyo nililia.

Dada, mtu amepatikana. Pumzika kwa amani.