Fabien Wilondja, Mtafuta Abiria wa Gare ya Kingombe

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Baraka, Kazimia, Lubondja na huko milimani, sogezeni kiti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtoto wa hapa kwetu. Jina lake Fabien Wilondja. Alifariki Kinshasa, Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Alifanya kazi ya treni. Ndiyo, treni! Mtoto wa Baraka, mahali ambapo reli hatuijui hata kwa harufu, akawa mkubwa wa gare, yaani kituo cha treni.

Gare yenyewe ni ndogo. Inaitwa Kingombe, pembeni kabisa mwa jiji. Ina chumba kimoja cha tiketi, mabenchi mawili, na soko ambalo meza zake zimeingia mpaka karibu na reli. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, treni inapeleka watu kazini mjini. Jioni inawarudisha. Fabien ndiye aliyepuliza filimbi. Bila filimbi yake, treni haiondoki.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka wa tisini na sita, vita vilipotukimbiza, Fabien alikuwa na miaka kumi na minne. Yeye, mama yake na dada yake Espérance walifika Kazimia kutafuta boti ya kuvuka kwenda Kigoma. Espérance alikuwa na miaka minane. Furushi lake lilikuwa tayari ndani ya boti, juu ya magoti ya Fabien. Na sisi watu wa ziwa tunajua: mzigo wa mtu ukishaingia, mwenyewe anangojwa. Mama akamtuma binti arudi mbio kuchukua sufuria waliyoisahau ufukoni. Risasi zikalia. Boti ikaondoka. Fabien alimwita dada yake mpaka sauti ikakauka, furushi bado limo mikononi mwake.

Espérance hakufa. Nasema mapema ili msilie bure. Mama mmoja mkulima alimchukua, akamlea Lubondja. Miaka tisa baadaye familia ilitoka kambini Tanzania, ikamkuta, msichana wa miaka kumi na saba. Walicheza, walichinja mbuzi. Lakini Fabien hakupona. Mama yake, Mama Pulchérie, anatuambia: "Tukikaa kula, iko anatuhesabu. Akimaliza, anaanza tena. Namuambia, Fabien, tuko bote, kula."

Basi mtu kama huyo ndiye aliyekwenda Kinshasa, akapata kazi ambayo sheria yake ya kwanza ni kuacha watu. Mungu naye ana mambo yake.

Asubuhi moja, katika mwaka wake wa kwanza, mama muuza pondu, yale majani ya muhogo, aliweka kikapu chake ndani ya behewa, akarudi mbio sokoni kumchukua mtoto. Saa ikafika. Fabien akakitazama kile kikapu. Filimbi ilikuwa mdomoni, pumzi ikakataa kutoka. Alingoja dakika kumi na moja, mpaka yule mama akarudi. Dakika kumi na moja, wasikilizaji, hapa Baraka si kitu. Boti yetu ya saa mbili ikiondoka saa nne, tunashukuru. Lakini kule reli ni moja tu, na treni nyingine ilikuwa inangoja njia ifunguke.

Jioni, fundi wa kujenga anayeitwa Henri alishuka kwenye treni, akasimama mbele ya Fabien. Alikuwa amechelewa, na kazi yake ya siku ikapewa mtu mwingine. Hakutukana. Alisema tu kwamba yeye naye ana watoto. Wakubwa walimsimamisha Fabien kazi mwezi mzima, lakini maneno ya Henri ndiyo yaliyomchoma zaidi.

Alirudi Baraka akiwa ameamua kuacha kazi. Alimweleza dada yake walipokuwa wanaanika dagaa: kumwacha mtu hawezi, na kumngoja mtu haruhusiwi. Hapo hapo akamwomba Espérance msamaha kwa siku ile ya Kazimia. Espérance akaacha kuanika. Alikuwa ameficha neno tangu utoto.

"Kaka, mi sikubakiaka sababu ya sufuria," akasema. "Sufuria nilikuwa nayo mu mukono. Nilijifichaka nyuma ya mitumbwi. Niliogopaka ile maji. Nilikusikia unaniita, nikanyamaza. Kisha nikaogopa mama atanichapa, nikanyamaza tena."

Miaka kumi na sita! Fabien akacheka, huku machozi yakimtoka. Akasema: "Kumbe kungoja haingesaidia kitu. Ilikuwa lazima mi nishuke, nikutafute."

Akarudi Kingombe. Tangu siku hiyo hakuchelewesha treni hata mara moja. Badala yake, kila asubuhi, nusu saa kabla ya filimbi, alishuka sokoni kutafuta abiria wake. Aliyesinzia aliamshwa. Aliyelemewa na mzigo alibebewa. Mzee asiyeona vizuri alishikwa mkono. Aliita kwa Kilingala, na akichoka, Kiswahili cha kwetu Fizi kilitoka chenyewe: "Bamama, tuende! Nani iko anajificha?" Watu walicheka, wakaja. Henri naye alianza kumsaidia kuita upande wa pili wa soko.

Mwaka huu figo zilimshika. Alilazwa hospitali iliyo karibu na gare. Jumanne ile, saa kumi na moja na nusu asubuhi, alimwomba mkewe Arlette aende sokoni kwa niaba yake. Arlette ni mtoto wa Kinshasa, Kiswahili chake amekiokota ndani ya ndoa. Alituambia kwa simu: "Nilikatala. Akaniambia, Arlette, mi siendi fasi yoyote. Batu ndio banaenda. Basi nikaenda."

Alipita meza zote. Aliita. Treni ikaondoka kwa wakati. Aliporudi, Fabien alikuwa bado macho.

"Kuko mwenye amebakia?"

"Hakuna. Bote bameenda."

Fabien akafumba macho. Hata saa mbili haikufika, roho ikaacha mwili. "Sikumudanganya," anasema Arlette. "Nilitafuta muzuri."

Mama Pulchérie, Espérance, Arlette na watoto, poleni sana. Sisi wa redio hii tunalia pamoja nanyi. Kilio kiko nyumbani kwa mama hapa Baraka, na mlango uko wazi kwa kila mtu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, wazee walisema mficha uchi hazai. Espérance alinyamaza kwa kuogopa fimbo, na kaka yake akabeba miaka yote hiyo kosa ambalo halikuwa lake. Huenda nawe kuna ndugu uliyemficha neno. Mpigie leo. Usingoje mpaka yeye ndiye akuombe msamaha.