Wino Mpya wa Kila Pasaka

Basi la Wundanyi lilipotoka Voi, Wakio alimwonyesha jirani yake wa kiti, karani mstaafu wa mahakama aitwaye Mulinge, karatasi ambayo marehemu mumewe aliiandika kumwachia shamba la Chawia. Shemeji yake alidai imeandikwa juzi, na hakimu alitaka wino upimwe.

"Kwani wino una cheti cha kuzaliwa, mzee?"

"Hauna, mama. Ukiwa mbichi pengine hujulikana. Ukishakauka, wa miaka kumi na wa thelathini hufanana. Wako una shida gani?"

Wakio aliona haya. "Maandishi yalikuwa yanafifia. Kila Pasaka niliyapitia kwa kalamu mpya, yasipotee."

Mulinge alishika kichwa. "Mama, umemfanyia shemeji kazi yake yote."

"Nilikuwa namkumbuka mume wangu tu."

"Na sahihi?"

"Hiyo sikuigusa. Ule ni mkono wake, ningeuharibu."

Mulinge alivaa miwani, akaisogeza karatasi dirishani. Chini ya maneno meusi, sahihi ilikuwa hafifu kama chai ya maziwa.

"Hiyo itatosha kuonyesha si ya juzi?"

"Sijui, mama. Lakini hizo Pasaka usimfiche hakimu."

Basi lilisimama karibu na mahakama. Wakio aliikunja karatasi, akaomba kimoyomoyo, akashuka.