Bibi Sekunde na Mzee wa Mkate

Karibuni tena kwenye kiti chetu cha kumbukumbu, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Bibi Sekunde. Wengi hamkumjua kwa sura, lakini aliwachekesha watoto wenu kila Jumamosi asubuhi.

Bibi Sekunde alipanga muda katika katuni ya Mbuzi Hakimu. Aliandika kwenye karatasi kila kitu na muda wake: mbuzi afumbe jicho, nusu sekunde, apige rungu mezani, sekunde moja. Karatasi zikapelekwa ng'ambo, wachoraji wa huko wakachora. Huko mikono ilikuwa mingi. Kipindi kilichotuchukua mwaka hapa, wao walikimaliza kwa miezi minne. Lakini ukikuta kosa ukalirudisha, miezi minne mingine. Na wale jamaa walichora kila walichokiona. Kila kitu!

Siku moja, simu sikioni, Bibi Sekunde akachora pembeni mwa karatasi kijizee chenye kipara. Chini akaandika: "Aje na mkate." Alikuwa anajikumbusha kumwagiza mumewe, fundi viatu.

Miezi minne baadaye katuni ikarudi. Mbuzi anainua rungu atoe hukumu, mlango unafunguka, anaingia mzee mwenye kipara. Anainua mkate, anatabasamu, anatoka.

Mkuu wa kipindi akafoka, "Huyu nani?"

"Mume wangu," akajibu.

Ilikuwa Alhamisi, na kipindi ni Jumamosi. Maji yameshamwagika. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mzee huyu hakuwepo, na mkate wake ukaonekana nchi nzima.

Watoto wakampenda kuliko mbuzi! Ikabidi aingie kila kipindi. Fundi viatu akawa hapiti njiani bila watoto kumwuliza: "Babu, mkate uko wapi?" Mwisho akaanza kutembea nao kwapani, yaishe.

Kisha Bibi Sekunde akaugua. Binti yake anasimulia: "Daktari alituambia miezi miwili. Mama akacheka, akasema, 'Ng'ambo wanataka minne. Basi safari hii mimi ndiye nitakayewahi.'" Akaomba penseli, akajaza karatasi za mwisho kitandani.

Wasikilizaji wapendwa, Bibi Sekunde alifariki. Katuni yake ya mwisho ilirudi Jumatatu hii.

Fundi viatu aliitazama nasi hapa studio. Mahakama imefungwa. Mzee anaingia na mkate, anageuka kutoka kama kawaida yake. Mama mmoja mwenye penseli kichwani anamshika mkono. Kwenye karatasi Bibi Sekunde alikuwa ameandika: "Wakae. Sekunde kumi." Huyu aliyekuwa akigombana na watu kwa nusu sekunde!

Mzee akajifuta macho. "Miaka thelathini na mbili ananiambia fanya haraka," alisema. "Leo ndiyo kaniambia nikae."

Poleni sana, Babu, binti na jamaa wote. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu anakungoja nyumbani, nenda. Ukifika, usisimame mlangoni.