Vumbi la Asbesto

Kwa tuktuk ya kwenda mtaa wa Majimbo nilimpakata mtoto wangu. Mzee kando yangu alibeba gunia la vipande vya asbesto alivyobomoa kwa paa lake. “Ni vya kuezeka banda la kuku,” alisema.

Mama wa upande ule mwingine akaziba pua, akamwambia babu yule: “Guka, vumbi lake linaharibu mapafu. Hukupaswa kuigusa.”

“Si serikali ilisema itolewe?”

“Na watu wa kazi hiyo.”

“Kwa hivyo ningeiacha?”

“Kama haijapasuka, ndiyo.”

“Sasa imepasuka.”

Mama akageuza uso nje.

Tuktuk iliposimama, niliona mwanangu ameshika gunia, kiganja kimekuwa cheupe. Nilimpangusa kwa leso, kisha tukashuka, nikabaki barabarani na ile leso, nisijue niiweke wapi.